Vifaranga Wakati wa Baridi

Kila mwaka, tangu Juni hata Agosti, baridi na ukungu huzidi katika nyanda za juu za Kenya, kama vile Limuru na Kinangop. Wakati huo vifaranga wengi hufa, na mwenyewe hudhani ni ugonjwa, kumbe ni baridi.

Yafaa ijulikane ya kwamba kifaranga hawezi kujipatia joto la kutosha mpaka aote manyoya kamili, yapata juma la tano au la sita. Juma la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hata 35 za sentigredi. Kisha lipunguzwe nyuzi 3 kila juma. Mama yao akiwapo, mbawa zake zatosha. Asipokuwapo, tumia jiko la makaa, lakini acha nafasi ya kupitisha hewa, kwani hewa ya sumu itokayo katika makaa haionekani, nayo huua.

Watazame wenyewe. Wakisongamana na kulia, wanaona baridi. Wakikaa mbali na jiko na kutweta, joto limezidi. Tena usiwatoe nje kabla jua halijakausha umande, maana kifaranga aliyelowa hupoa upesi akafa.