Figo Haiuawi na Presha Pekee: Hii Ndiyo Mesej ya Ndani ya Mwili Inayoijaza Makovu

Ukijikata kisu ukikata sukuma, wiki moja baadaye unabaki na kakovu kwa kidole na maisha inasonga. Hakuna noma. Sasa chukua hiyo kovu uiweke ndani ya figo, mahali damu inachujwa. Hapo stori inabadilika kabisa, msee.

Wengi wetu tumeskia presha na sukari "zinaua figo". Ni kweli, lakini ni nusu ya stori. Hizo mbili zinaumiza. Sehemu kubwa ya kumaliza kazi inafanywa na mwili wako mwenyewe, ukijaribu kurekebisha.

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja, vinaitwa nefroni. Figo zako mbili zinachuja lita 180 hivi kila siku. Hiyo ni mitungi tisa ya lita 20, alafu karibu maji yote yanarudishwa kwa damu. Wewe unaona tu lita moja na kitu ukienda choo.

Seli hazina mdomo, zinaongea kwa kemikali. Fikiria grup ya WhatsApp ya ploti yenu. Seli ikiumia inatupa mesej: "Tumeharibikiwa huku, leteni fundi." Mesej moja kubwa sana kwa hii maneno ni protini inaitwa TGF-beta. Inashika kipokezi juu ya seli nyingine, kama mtu anabonyeza kengele ya mlango. Ndani kuna protini zinaitwa Smad, na kazi yao ni kukimbiza hiyo habari hadi kwa kiini cha seli. Kule jeni za kutengeneza kolajeni zinawashwa.

Kolajeni ndiyo simiti ya mwili. Na kuna seli zilikuwa zimetulia tu, fibroblasti, ambazo zikipata hiyo mesej zinageuka kuwa miofibroblasti: mafundi wenye misuli, wanamwaga simiti na kuvuta kuta.

Kwa kidole, kazi ikiisha mafundi wanatoka. Kwa figo ya mtu mwenye presha iko juu kila siku, kidonda kinafunguliwa upya kila siku, kwa hivyo mesej haikomi. Simiti inamwagwa mpaka vyumbani. Mishipa midogo ya damu inabanwa, seli za jirani zinakosa oksijeni, nazo zinaumia, nazo zinatuma mesej yao. Unaona venye inajizungusha?

Na haiumi! Hiyo ndiyo part mbaya. Nefroni zilizobaki zinafanya kazi ya zile zimekufa, so hata kipimo cha kreatinini kwa damu kinaweza kukaa sawa mpaka karibu nusu ya nguvu ya figo imeenda. Kovu ikishakomaa, hakuna dawa ya kawaida leo ya kuing'oa.

Utauliza, kwani si wafungie tu TGF-beta? Walijaribu. Kuna dawa ya kuizuia ilipewa wagonjwa wa sukari wenye figo mbovu, na utafiti ukasimamishwa kwa sababu haikuwasaidia. Alafu TGF-beta si adui. Mwaka wa 1992 watafiti Marekani walitengeneza panya wasiokuwa na aina moja ya hiyo protini, na wengi wakafa wiki chache baada ya kuzaliwa kwa sababu kinga ya mwili ilishambulia viungo vyao. Hiyo mesej ndiyo pia inatuliza hiyo kinga.

Kinachosaidia ni kupunguza kelele mapema. Homoni inaitwa anjiotensini inapandisha presha na pia inachochea TGF-beta. Losartani na enalaprili zinaikatiza, ndiyo maana daktari anaweza kukupa hata kama presha yako haijapanda sana, bora mkojo una protini. Dapagliflozini ilikuja kama dawa ya sukari, lakini utafiti wa 2020 ulionyesha inapunguza kasi ya ugonjwa wa figo hata kwa wasio na sukari. Usijinunulie tu kwa kemisti: losartani na enalaprili hazifai mama mjamzito, na zinaweza kupandisha potasiamu kwa damu, so lazima upimwe.

Sasa yule msee wa kuacha tembe juu "naskia niko fiti"? Huyo amefungua grup tena. Na zile dawa za maumivu kama diklofenaki, kuzimeza kila siku juu ya mgongo, zinabana damu inayoingia kwa figo.

Ukiwa na presha au sukari, kila mwaka omba vipimo viwili: kreatinini kwa damu na albumini kwa mkojo. Hiyo ya mkojo ndiyo huwa inasahaulika, na mara nyingi ndiyo inaonyesha shida kwanza. Na ukiona mkojo unatoa povu siku baada ya siku, enda wiki hii.