Fahamu: Matembezi ya Dar wakati barabara inachimbwa

Ujenzi wa awamu ya nne ya barabara za mabasi ya mwendokasi unapita Barabara za Ali Hassan Mwinyi na Bagamoyo hadi Tegeta, na kipande cha Sam Nujoma kati ya Mwenge na Ubungo. Njia hiyohiyo ndiyo inayowapeleka watu Kijiji cha Makumbusho kuona nyumba za asili na ngoma, na Mwenge kwa wachonga vinyago vya mpingo.

Foleni ya ujenzi huo inamchelewesha mwenye gari. Anayeumia zaidi ni muuza chipsi na mishikaki wa kando ya barabara. Mteja wake ni mpita njia. Kituo cha daladala kikihamishwa, mteja naye kahama, na mkaa umeshawashwa. Fidia huzungumziwa kwa wenye majengo. Meza ya muuza chipsi haimo, na hilo si haki.

Ukitaka kutoka matembezi bila kukwama kwenye foleni, panda mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni, ulioanza kazi 2016. Kula samaki wa kukaanga sokoni Feri, kisha tembea hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Mwenge nenda Jumapili asubuhi, na ununue kinyago.