Kinachoshika tairi barabarani

Dereva akikanyaga breki, breki hupunguza mzunguko wa magurudumu tu. Kinacholisimamisha gari lenyewe ni msuguano, yaani kani inayozuia uso mmoja kuteleza juu ya mwingine, pale tairi linapogusa barabara.

Msuguano hupimwa kwa uwiano: kani inayozuia kuteleza, ikigawanywa kwa kani inayokandamiza nyuso hizo pamoja. Mpira juu ya lami kavu hutoa takribani 0.8. Lami ikilowa, uwiano huweza kushuka hadi 0.4, na juu ya barafu, hadi 0.1 hivi. Tairi ni lile lile mara zote tatu. Kumbe namba hii si mali ya mpira peke yake wala ya lami peke yake. Ni ya nyuso mbili zikikutana, pamoja na chochote kilicho kati yake.

Mpira hushika kwa njia mbili. Kwanza hunata: husogeleana na mawe yaliyomo katika lami kiasi cha molekuli zao kuvutana. Pili hubonyea: ncha za kokoto huusukuma ndani, nao hurudi, na kila mara sehemu ya nishati hugeuka joto.

Maji huvunja njia ya kwanza, kwani utando mwembamba tu unatosha kutenganisha mpira na jiwe. Ya pili hubaki, mradi kokoto zingali na ncha. Lakini magari yakipita miaka mingi, kokoto hulainika, na mawe ya chokaa hulainika upesi kuliko mengi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huzidisha hatari, maana maji machache huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka, yakawa utelezi kabla ya mvua kubwa kuuosha.

Hapa ndipo kashata za tairi, yaani vinundu vilivyochongwa usoni mwake, hueleweka vibaya. Hazikuwekwa ili kuongeza msuguano: kwenye lami kavu tairi kipara hushika vizuri, na magari ya mashindano hutumia matairi yasiyo na kashata kwa sababu hiyo hiyo. Kazi ya mifereji iliyo kati yake ni kupitisha maji. Ikiisha, na mwendo ukiwa mkali, maji hukosa njia, hujikusanya mbele ya tairi na kulinyanyua, na usukani hauongozi tena kitu.

Tufanye hesabu. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, uwiano ukiwa 0.8, husimama baada ya mita 31 hivi tangu breki ishike. Uwiano ukiwa 0.4, huhitaji mita 63. Uzito wa gari hauingii katika hesabu hii: gari zito ni gumu kusimamisha, lakini pia hukandamiza barabara zaidi, na mambo hayo mawili hufutana.

Kwa hiyo dereva anayesema tairi lake kipara "bado linashika" hasemi uongo. Ushahidi wake ni wa kiangazi, nao hautamfaa siku ya mvua. Ndiyo maana, kwa mfano, Uingereza inadai kina cha kashata kisipungue milimita 1.6. Katika pwani yetu, ambako masika huanza Machi, ukaguzi wenye maana ni wa Februari, mkaguzi akiwa na kifaa cha kupimia kina mkononi.