Breki Hukamata Gesi, Haikamati Risasi

Msimu wa uwindaji ukikaribia, swali ni lile lile, kuanzia Njiro hadi Usa River: "Fundi, breki ipi ya mdomo wa mtutu ina matundu mengi, ili bunduki yangu ya .458 iache kunipiga teke?" Swali limekosewa tangu mwanzo. Wingi wa matundu haupimi chochote isipokuwa bei.

Imani yenyewe ni hii: teke linatoka kwenye moshi ulio mdomoni mwa mtutu, hivyo ukitoboa pande zote litaishia hewani. Si kweli. Teke lina visababishi viwili. Risasi ikikimbilia mbele, bunduki inarudi nyuma. Kisha gesi ya baruti ikichomoka nyuma ya risasi, inaisukuma bunduki mara ya pili. Breki inashughulika na gesi tu. Risasi inapofika kwenye tundu la kwanza, bunduki imeshapokea sehemu yake ya teke.

Tupige hesabu. .300 Winchester Magnum, .375 H&H ya mwaka 1912 na .458 Winchester Magnum ya 1956 hula baruti karibu sawa, gramu 4.7 hivi. Kinachotofautiana ni uzito wa risasi: gramu 11.7, 19.4 na 32.4. Kwa mwendo wake wa kawaida, gesi huchangia takriban asilimia 36 ya msukumo kwenye .300, asilimia 28 kwenye .375, na 22 tu kwenye .458. Bunduki inayokutesa kuliko zote ndiyo inayosaidiwa kidogo kuliko zote. Toboa utakavyo, risasi ya gramu 32 haitapungua uzito.

"Mbona tangazo la breki linasema teke hupungua kwa asilimia 50?" Kwa sababu nishati ya teke hufuata mraba wa mwendo. Ondoa ile asilimia 28 ya .375 na nishati inashuka karibu nusu. Tangazo halikudanganya, limechagua tu bunduki inayolifaa. Breki yenye kuta zinazorudisha gesi nyuma hupata zaidi kidogo, maana gesi inazigonga na kuivuta bunduki mbele. Lakini matundu ya mwanzo ndiyo yanayokutana na gesi yenye nguvu. La kumi linaokota mabaki.

Na gesi iliyogeuzwa haipotei. Inamwendea aliyesimama ubavuni: mfuata nyayo, mwindaji bingwa, askari wa wanyamapori. Bunduki kubwa isiyo na breki hufika karibu desibeli 160; mlio wa ghafla huhesabiwa hatari kwa masikio kuanzia 140. Breki inaongeza juu ya hapo, na kila desibeli 3 ni nishati maradufu. Anayejitetea kwamba mlio unakwenda pembeni aangalie pembeni yupo nani. Pamba si kinga. Sikio likishaharibika kwa mlio halirudi, na mfuata nyayo asiyesikia nyati akivunja vijiti kichakani ni hatari kwa msafara mzima.

Sasa cha kufanya, haraka haraka. Kitako kipimwe kiendane na mkono wako, kiwekewe mpira mzuri. Bunduki ya kilo 4 ikiongezwa nusu kilo, nishati ya teke hupungua kwa karibu asilimia 11, bila kelele hata kidogo. Zoezi la shabaha lifanye umesimama, si umeinamia meza, na risasi nyingi za mazoezi zipigwe kwa bunduki ndogo. Kama nyati hayumo kwenye kibali chako, .458 iache nyumbani. Swala hahitaji risasi hiyo.

Ukishikilia kuwa lazima breki, chagua inayofunguka na isiyo na tundu chini, la sivyo vumbi la Ngarenanyuki litakufichia shabaha ukipiga umelala. Nyuzi zikatwe na fundi mwenye leseni. Tundu lililopinda hukwaruza risasi. Ifunge kwenye uwanja wa shabaha, ukiwa na vizibo masikioni na vifuniko juu yake. Ivue kabla ya kuingia porini, kisha ulenge upya, kwa kuwa risasi itahama mahali. Ukisahau hilo la mwisho, utajeruhi mnyama, na hapo teke la bunduki litakuwa tatizo lako dogo.