Fahamu: Je, mwenye kisukari anaweza kupanda ulingoni?

Mwaka 2015, bodi inayosimamia ngumi za kulipwa Uingereza ilimnyima leseni kijana aitwaye Muhammad Ali, jina zito kwelikweli kwa bondia, kwa sababu ana kisukari aina ya kwanza. Mwaka 2018 ikampa.

Kwa hiyo inawezekana, lakini si kwa kila mtu. Mazoezi marefu hushusha sukari, ilhali presha ya pambano huweza kuipandisha ghafla. Anayetumia insulini hupima kabla ya kuvaa glovu: ikiwa chini ya 5 mmol/L, anakula kwanza, ikipita 14 na mkojo ukaonyesha ketoni, siku hiyo hapigani. Sukari inaweza pia kushuka usiku, saa kadhaa baada ya mazoezi, akiwa usingizini.

Hatari inayonitisha zaidi ni ya dalili kufanana. Bondia anayumba, macho yamemlegea, anajibu ovyo. Je, amepigwa kichwani au sukari imeshuka? Kocha ana dakika moja tu kati ya raundi, basi kipimo na glukosi viwe pale pale kwenye kona.

Ambaye kisukari kimemharibia mishipa ya retina asiguse mchezo wa ngumi za kichwa: konde moja laweza kuvujisha damu ndani ya jicho. Ambaye kisukari kimemfanya asihisi miguu achunguze nyayo baada ya judo au karate, michezo inayochezwa peku. Na kujikausha maji ili kupunguza uzito? Kwa mtumiaji wa insulini, huo ni mwaliko wa kulazwa.