Kusoma Kando ya Kitanda: Fasihi Pendwa na Pumziko la Muuguzaji

Katika Kiswahili, anayepatwa na maradhi huugua, na anayemtunza humuuguza. Mwanafunzi wa mofolojia atakitambua mara moja kiambishi cha kauli ya kutendesha, na pengine atashangaa. Kumlaza mtoto ni kumfanya alale, lakini kumuuguza mgonjwa si kumfanya augue. Ni kuwa naye katika kuugua kwake. Lugha imewafunga watu wawili katika kitenzi kimoja, ila methali yetu humtazama mmoja tu: mgonjwa haulizwi uji. Muuguzaji aliyeupika uji huo haulizwi wala hapewi.

Makala haya yanamhusu muuguzaji huyo. Yananuia kueleza namna usomaji wa kujiburudisha unavyomfaa anayemuuguza mpendwa wake, na kuonyesha kuwa hali hiyo inatudai tuitazame upya hukumu yetu juu ya fasihi pendwa.

Tuchukue mfano wa mgonjwa wa kiharusi anayetunzwa nyumbani. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ili asipate vidonda vya kulalia. Hulishwa, huogeshwa, hupewa dawa kwa saa zake. Kazi hii ni vipande vifupi vya shughuli nyingi, vilivyotenganishwa na vipande virefu vya kungoja. Aghalabu kungoja ndiko kunakochosha zaidi, kwani hapo ndipo mawazo yanapovamia: gharama za matibabu, kazi iliyoachwa, na swali ambalo hakuna anayethubutu kulitamka. Runinga humwamsha mgonjwa. Kwenda kuzungumza na marafiki ni kumwacha peke yake. Kitabu hakina kelele, hakimtoi mtu chumbani, na kikikatizwa hakinuni. Sura moja yaweza kusomwa kati ya kugeuza na kugeuza.

Hata hivyo, si kila kitabu kinachofaa. Mwandishi wa makala haya alipokuwa akimuuguza mama yake, alikwenda kitandani pake na kitabu cha nadharia ya uhakiki alichotakiwa kukitahini. Ukurasa mmoja aliusoma mara nne asiambulie kitu. Siku ya tatu akachomoa katika sanduku la nyumbani nakala kuukuu, isiyo na jalada, ya Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Mohamed Said Abdulla iliyochapishwa mwaka 1960. Usiku huo alisoma hadi jogoo wa kwanza, akiinuka kwa saa zake kumgeuza mgonjwa, na kulipokucha alihisi kwamba alikuwa amepumzika ingawa hakuwa amelala.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu lipo katika umbo la riwaya ya upelelezi. Riwaya hii haimfichi msomaji kifo, bali mara nyingi huanza nacho. Lakini kifo hicho huwa na sababu, sababu huwa na dalili, na dalili huwa na msomi wake, Bwana Msa na kiko chake. Mwishoni kila swali hujibiwa. Maradhi ya muda mrefu hayana mpangilio wa namna hiyo. Leo mgonjwa ana nafuu, kesho amezidiwa, na hakuna wa kumkusanya kila mtu sebuleni aeleze yote. Kinachompumzisha muuguzaji, basi, ni kukaa kwa saa moja katika ulimwengu ambamo mambo yana maana na yana mwisho, hata kama ndani yake mna maiti.

Kazi za aina hii zimeshutumiwa sana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wahakiki wengi wa fasihi ya Kiswahili waliipima kazi kwa mchango wake katika ujenzi wa jamii. Kwa kipimo hicho, riwaya kama Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974) zilionekana kumsahaulisha msomaji hali yake halisi. Shutuma hiyo ina uzito, kwa kuwa jamii inayosahaulishwa dhiki zake haiziondoi. Lakini muuguzaji hawezi kuisahau hali yake halisi. Imelala mbele yake.

Mwaka 1939, katika mhadhara wake juu ya ngano alioutoa katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, J.R.R. Tolkien alidai kuwa wanaobeza fasihi ya kutoroka huchanganya mambo mawili: kutoroka kwa mfungwa na kutoroka kwa askari aliyeiacha zamu yake. Tofauti hii inamhusu muuguzaji moja kwa moja. Anayeitwa na mgonjwa akajifanya hasikii ili amalize sura ameacha zamu. Anayekiweka kitabu chini, akainuka, akarejea baadaye, hakutoroka bali alipumzika.

Fasihi simulizi yetu iliujua mpaka huu zamani. “Paukwa!” “Pakawa!” ni mlango wa kuingilia, na hadithi ikiisha husemwa kuwa imeisha, watu wakatoka. Katika jamii nyingi za Kenya, kutamba hadithi mchana kulikatazwa, kwani mchana ulikuwa wa kazi. Starehe ya hadithi haikukatazwa, ila iliwekewa wakati.

Bado kuna suala la haya. Kufurahi kando ya mtu anayeumia huonekana kama usaliti. Mama yake mwandishi huyu alimwona siku moja akitabasamu kitabuni, akamuuliza kwa ulimi mzito, “Wasoma nini, mwanangu?” Alipoelezwa kwa soni, alisema, “Basi nisomee.” Tangu hapo riwaya ilisomwa kwa sauti, kurasa chache kila jioni, na mgonjwa akaagiza asiambiwe muuaji ni nani. Alifariki kabla hawajafika mwisho. Lakini katika jioni hizo walikuwa wasikilizaji wawili wa hadithi moja, wala si mgonjwa na mtumishi wake.

Chumba cha mgonjwa si kigeni katika fasihi yetu. Mnamo 1858, Mwana Kupona, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake aje na wino na karatasi, akamtungia utendi ambao tunausoma hadi leo. Utendi huo ulikusudiwa kuwa waadhi, nasi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuliuliza kila andiko: linafunza nini? Swali hilo ni la haki na lidumu. Pamoja nalo, tunapendekeza tuulize pia: linampumzisha nani, na katika saa gani ya maisha yake? Huenda tukagundua kuwa vitabu tulivyoviona vyepesi vimebeba mizigo mizito. Na tukienda kumjulia hali mgonjwa, pamoja na matunda tunayompelekea yeye, tumpelekee riwaya anayemuuguza.