Vyeti vimelowa mvua? Friza inaviokoa, lakini haiui fangasi

Mvua imepiga Buhongwa usiku kucha. Asubuhi unavuta begi chini ya kitanda: hati ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, vyote vimelowa chapachapa. Unafanyaje?

Kama ni karatasi mbili tatu, zitandaze kivulini penye upepo. Usikimbilie jua, linakunja karatasi na kufifisha wino. Shida ni faili zima, daftari nene au kitabu. Humo katikati hakukauki haraka, na ndani ya saa 48 hivi fangasi wanaweza kuanza kuota. Kwa joto la huku kandokando ya ziwa, usitegemee wachelewe.

Hapo ndipo friza inapoingia. Kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, wino hauendelei kuchuja na fangasi hawakui. Unapata muda wa kujipanga.

Wataalamu wa nyaraka wana hatua ya pili: kukausha karatasi ikiwa bado imeganda. Ukitaka kuelewa, mwangalie sangara aliyesahaulika kwenye friza miezi kadhaa bila kufungwa vizuri. Anatoka na mabaka meupe, makavu kama karatasi. Barafu iliyokuwa kwenye nyama imegeuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia hali ya maji. Mashine inafanya hivyohivyo kwa kasi: hewa inanyonywa kwenye chumba kilichofungwa, barafu inatoka kama mvuke. Kwa kuwa karatasi hailowi tena, wino unabaki mahali pake na kurasa hazigandamani.

Julai 12, 1973, jengo la kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani karibu na St. Louis liliungua. Mafaili kati ya milioni 16 na 18 yaliteketea. Mengine yaliokolewa yakiwa yameloa maji ya zimamoto, huku fangasi wakiyanyemelea kwenye joto la Julai. Yakapelekwa kwenye chumba kikubwa cha kampuni ya ndege ya McDonnell Douglas. Humo hewa ilinyonywa, joto likashushwa hadi kuganda, maji yakatolewa. Kwa askari wengi, faili lile ndilo lililobeba ushahidi wa kudai mafao yao.

Sasa, wengi wanadhani karatasi ikigandishwa na kukaushwa, vijidudu vimekufa. Hapana!

Chukua chanjo ya BCG, ile inayomwachia mtoto kovu begani. Ule unga ni bakteria hai waliogandishwa na kukaushwa. Nesi anauchanganya na maji yake maalumu, na bakteria wanafanya kazi mwilini. Yaani njia inayokausha karatasi ndiyo maabara hutumia kuhifadhi vijidudu vikiwa hai, wakiwemo fangasi.

Kwenye karatasi, baadhi hufa, hasa zile nyuzi changa zinazoota. Vijimbegu vyao vinabaki vimelala. Karatasi ikipata unyevu tena, vinaamka. Kuviua kabisa kunahitaji mionzi ya gama au gesi yenye sumu, na hayo si mambo ya kujaribu nyumbani.

Kwa hiyo ukitumia friza, gawa karatasi mafungu madogo, weka karatasi ya kuokea mikate kati yake, funga kwenye mfuko na uziweke mbali na samaki. Friji zile zisizojenga barafu ukutani zinaweza kukausha faili jembamba zenyewe, ila ni kazi ya wiki hadi miezi. La sivyo, toa fungu moja moja ulianike kivulini. Umeme ukikatika muda mrefu zikayeyuka, zile saa 48 zinaanza kuhesabiwa.

Cheti kilichofanyiwa laminesheni ni kesi nyingine. Maji yakiingia pembeni, mvuke hauna pa kutokea, na friza haikusaidii. Picha nazo zitenganishe mapema uzianike kwa hewa.

Ukiona fangasi tayari, vaa barakoa, toka nje, usipulize wala kukung'uta ndani, hasa kama kuna mwenye pumu.

Na kabla ya kurudisha chochote kwenye begi, gusisha karatasi shavuni. Ikiwa ya ubaridi, bado ina maji.